Kwa nini data huonekana kupotea seva inapowaka upya?

Umeme unaporejea baada ya kukatika, seva huwaka na kila kitu huonekana shwari. Muda mfupi baadaye watumiaji hugundua kwamba rekodi za miaka mingi hazionekani. Mara nyingine rekodi hizo hazijafutika. Kilichovurugika ni utaratibu wa kuwaka kwa mashine.

Katika mifumo mingi ya Linux, huduma huwashwa na systemd, programu iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Ili kuokoa muda, huduma nyingi huwashwa kwa pamoja. Pasipo maelekezo sahihi, hifadhidata yaweza kuanza kabla ya diski yenye data kuunganishwa na folda yake.

Hapo huduma hukuta folda tupu. Baadhi hukataa kuanza. Nyingine huunda hifadhidata mpya na kuandika humo. Diski inapounganishwa baadaye huifunika folda hiyo, na zikawapo rekodi za aina mbili: za zamani, na mpya zilizofichika chini yake.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha huduma hiyo ili isiendelee kuandika. Kisha amri ya findmnt huonyesha diski zilizounganishwa, systemctl --failed hutaja zilizoshindwa, na journalctl -b hueleza mfuatano wa matukio tangu mashine iwake. Rekodi zilizofichika huonekana tena diski ikitenganishwa na folda, na yafaa zinakiliwe kabla ya marekebisho yoyote.

Chanzo kimoja cha tatizo ni neno nofail katika faili ya /etc/fstab. Bila neno hilo, diski ikikosekana mfumo huisubiri, kwa kawaida sekunde 90, kisha huingia katika hali ya dharura. Neno hilo likiwapo, mfumo huendelea kuwaka bila kuisubiri, na huduma nazo huanza.

Suluhisho ni kuonyesha katika mipangilio ya huduma kile inachokitegemea. Agizo la After= hupanga zamu tu; diski ikishindwa, huduma huanza vivyo hivyo. Agizo la RequiresMountsFor=, likifuatwa na anwani ya folda, huifanya huduma isubiri diski, na isianze kabisa ikiwa diski imeshindwa kuunganishwa.

Baada ya marekebisho, msimamizi hana budi kuiwasha upya seva kwa makusudi na kuhakikisha utaratibu umefuatwa, kabla umeme haujakatika tena.