Kulwa Amezaliwa Salama, Je, Doto?

Katika vikao vya robo mwaka hii swali moja limerudi kutoka kamati zaidi ya moja za parokia: je, mfuko wa uzazi salama ulipie upasuaji kwa kila mama mwenye mimba ya mapacha? Wanaouliza wana sababu. Karibu kila kijiji kuna habari ya mama aliyejifungua Kulwa vizuri, kisha Doto akafariki. Utafiti wa Monden na Smits wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara, pacha 1 kati ya 5 alikuwa akifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, takribani mara tatu ya watoto waliozaliwa mmoja mmoja.

Hata hivyo, jibu letu ni hapana, na tunapenda kulieleza.

Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Dkt. Jon Barrett wa Kanada. Ulihusisha akina mama wapatao 2,800 katika nchi 25, wenye mimba ya kuanzia wiki 32, na ambao pacha wa kwanza alikuwa ametanguliza kichwa. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu njia ya kawaida. Watoto waliofariki au kupata madhara makubwa walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la upasuaji na asilimia 1.9 katika kundi la njia ya kawaida. Kitaalamu hiyo si tofauti. Pacha wa pili alikuwa hatarini zaidi ya wa kwanza, na kupanga upasuaji hakukumwondolea hatari hiyo.

Lakini msiishie hapo. Kati ya akina mama 100 waliopangiwa njia ya kawaida, wapatao 44 waliishia kupasuliwa. Maana yake ni kwamba njia ya kawaida ilikuwa salama mahali ambapo wataalamu na chumba cha upasuaji vilikuwa karibu. Zahanati isiyo na gari wala daktari si mahali hapo.

Shida ya Doto ni ipi? Kulwa akishatoka, tumbo linabaki na nafasi, na Doto anaweza kugeuka akalala kwa upande. Kitovu kinaweza kumtangulia, au kondo la nyuma likaachia kabla hajatoka, akakosa hewa. Mkunga mwenye uzoefu hupapasa tumbo mara moja, husikiliza mapigo ya moyo na huweza kumgeuza. Kosa baya ni kumchoma mama sindano ya kuzuia damu kabla ya kujua kama kuna mtoto mwingine ndani. Hutokea pale ambapo mapacha hawakugunduliwa kliniki.

Wapo wanaohitaji upasuaji kweli, kwa mfano mapacha wanaokaa katika mfuko mmoja wa maji. Hao mfuko wetu utaendelea kuwasaidia. Ila kumpasua mama bila sababu kunamwachia kovu, na mimba ijayo kovu hilo linaweza kuachia akiwa mbali na hospitali. Wafadhili wetu walio mijini wakati mwingine hawalioni hilo.

Tena, mapacha wengi hufariki kwa sababu ni njiti, si kwa sababu ya njia waliyopitia. Hapa fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo sana wakiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Kwa mapacha mama mmoja hatoshi. Bibi, shangazi na hata baba wanapaswa kufundishwa, na tumeona akina baba wakianza kwa aibu kisha hawataki kupokelewa.

Kwa hiyo maombi ya robo ijayo yaelekezwe kwenye mambo matatu: nauli ya kupima utrasaundi kabla ya wiki 24, nauli na chakula kwa mama wa mapacha anayesubiri karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, na khanga, kofia na soksi za watoto njiti. Kila kamati itaje ni nani mwenye gari parokiani anayekubali kuamshwa usiku, pamoja na namba yake ya simu.