Cyangugu na Mto Uliowashinda Wageni

Wasafiri wengi wafikao Cyangugu, kusini-magharibi ya Rwanda, huwa na haraka ya kuvuka Mto Rusizi waende zao Bukavu. Ni wachache wasimamao kuyatazama maji yatokayo Ziwa Kivu. Hata hivyo, mto huo uliwahi kuwasumbua wataalamu wa jiografia wa Ulaya kwa miaka mingi, nao ni ufunguo wa mambo ya ajabu yaliyofichika katika sehemu hizo, ambazo leo zaitwa Wilaya ya Rusizi.

Swali lilikuwa moja: je, Rusizi waingia katika Ziwa Tanganyika, au watoka humo? Kama watoka na kwenda kaskazini, basi huenda ndio chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Tanganyika. Wana wa mtawala wa huko waliwaambia waziwazi kwamba mto waingia ziwani. Wageni hao hawakufika mahali penyewe, na baadaye Burton akashikilia kwamba huenda watoka. Ubishi haukukoma hadi Novemba 1871, ambapo David Livingstone na Henry Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho yao kwamba waingia. Hivyo ilipita miaka 13 kulithibitisha neno ambalo wenyeji walikwisha kulisema.

Lakini hadithi ya mto ina upande wa pili. Wataalamu wa miamba wameonyesha kwamba zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward na hatimaye Nile. Milima ya moto ya Virunga ilipoziba njia hiyo, ziwa likajaa, maji yakapata upenyo kusini, ndipo ukazaliwa Rusizi wa leo, ushukao karibu mita 700 mpaka Tanganyika. Kwa maana hiyo, waliotafuta maji ya Nile huku walichelewa tu kwa maelfu ya miaka.

Moto huohuo wa chini ya ardhi waonekana pia katika tambarare ya Bugarama, kwenye chemchemi za maji ya moto ambazo Wanyarwanda huziita amashyuza. Kwa miaka mingi watu wamekwenda kuoga humo wakitumaini kupona maradhi. Maji hayo huleta chokaa kutoka chini, nayo hugeuka mawe. Mawe hayo ndiyo yaliyosababisha kiwanda cha saruji, kilichojengwa kwa msaada wa China, kianze kazi huko mwaka 1984. Ardhi hiyohiyo ndiyo iliyotetemeka tarehe 3 Februari 2008, ikaua watu katika nchi zote mbili, wengi wao wakiwa upande wa Rwanda.

Ziwani kuna kisiwa cha Nkombo, ambako husemwa Mashi, lugha ya majirani wa upande wa Bukavu. Aliyezoea kuitazama mipaka katika ramani hushangaa. Mvuvi wa Nkombo hashangai, kwani ziwa lilikuwako kabla ya mipaka. Mashariki, ndani ya msitu wa Nyungwe, kuna kinamasi kiitwacho Kamiranzovu, yaani mmeza ndovu. Ndovu wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Wamebaki katika jina tu, na asiyeuliza maana yake atapita asijue kwamba waliwahi kuwako.

Siku hizi wapo wasafiri wapendao kutafuta mahali pasipojulikana. Hamu hiyo ni njema, nayo yaweza kumletea riziki mwendesha mtumbwi na mwongoza njia. Lakini pasipojulikana na mgeni ni nyumbani kwa mtu mwingine: kuna kisima chake, shamba lake na makaburi ya wazee wake. Yafaa mgeni apige hodi, aombe ruhusa, alipe haki ya aliyemwongoza, na kuliko yote, asikilize ajibiwapo. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Burton na Speke waliuliza, wakajibiwa sawasawa. Kilichopungua ni kumwamini aliyejibu.