Haki ya Umma Kubadilisha Serikali: Kutoka Philadelphia hadi Gazi na Msambweni

Utangulizi

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, na hata katika baadhi ya maandishi ya kitaaluma, maneno mtawala, serikali, dola na katiba hutumiwa kana kwamba ni visawe. Mtu husema "tumebadilisha serikali" akiwa na maana kwamba kiongozi mmoja ametoka na mwingine ameingia. Mwingine hutumia kauli iyo hiyo kueleza kuangushwa kwa mfumo mzima. Utata huu si wa msamiati tu. Unagusa swali kongwe la falsafa ya siasa: je, umma una haki ya kuiondoa serikali iliyopo na kuweka nyingine? Ikiwa unayo, umma huo ni nani, na utapitia mlango upi?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kuzilinganisha fikra za waasisi wa Marekani na historia ya pwani ya kusini ya Kenya, yaani eneo la Kwale kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni na Vanga. Hoja yetu ni kwamba haki ya kubadilisha serikali haikamiliki hadi pale umma wenyewe unapoulizwa. Mahali ambapo mamlaka yalihamishwa kwa mkataba baina ya watawala, swali la uhalali halikufa. Lilirithishwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Fikra za waasisi wa Marekani

Msingi wa fikra hizi uliwekwa na Mwingereza John Locke katika maandishi yake ya mwaka 1689. Kwa Locke, mamlaka ya serikali ni amana. Watu huikabidhi serikali ulinzi wa uhai, uhuru na mali zao, na mwekewa amana akiihini, amana hurejea kwa wenyewe. Wazo hili lilivuka bahari. Mnamo Januari 1776 Thomas Paine alichapisha kijitabu kilichoushambulia ufalme kwa lugha nyepesi iliyoeleweka na watu wa kawaida. Tarehe 12 Juni mwaka huo, jimbo la Virginia lilipitisha tangazo la haki ambalo kwa sehemu kubwa liliandikwa na George Mason, likisema kwamba walio wengi katika jamii wana haki ya kuirekebisha au kuiondoa serikali isiyotimiza wajibu wake. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Julai, wajumbe wa makoloni 13 waliokutana Philadelphia walipitisha Azimio la Uhuru, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa Thomas Jefferson.

Azimio hilo lina mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, linadai kuwa mamlaka ya haki hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Pili, linatahadharisha kwamba serikali iliyokaa muda mrefu isiondolewe kwa sababu ndogo ndogo za kupita; ndiyo maana sehemu kubwa ya waraka huo ni orodha ya malalamiko dhidi ya mfalme. Tatu, linachanganya haki mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazotofautiana kwa kiini: haki ya umma kuibadilisha serikali yake, na haki ya jamii moja kujitenga na nyingine. Mchanganyiko huu wa tatu tutaurejelea.

Baada ya vita, swali lilibadilika: umma utaitumiaje haki hiyo bila kushika silaha? Jimbo la Massachusetts lilitoa jibu mashuhuri. Mwaka 1778 wapigakura wake waliikataa rasimu ya katiba iliyotungwa na bunge. Ndipo likaitishwa kongamano maalumu la kutunga katiba, na mwaka 1780 rasimu yake ikajadiliwa na kuidhinishwa katika mikutano ya miji. Kwa njia hiyo mamlaka ya kutunga katiba yakatenganishwa na mamlaka ya kutawala chini ya katiba. Jefferson alikwenda mbali zaidi. Katika barua aliyomwandikia James Madison mwaka 1789, alisema ardhi ni mali ya walio hai, na akakadiria kuwa sheria za kizazi kimoja zisidumu zaidi ya miaka 19 bila ridhaa ya kizazi kinachofuata. Madison hakukubaliana naye, kwa kuhofia kwamba serikali inayorejeshwa mezani kila mara hukosa heshima.

Hata hivyo, neno "watu" katika maandishi hayo lilikuwa finyu. Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa. Wanawake na wenyeji wa asili wa bara hilo hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye kutoa ridhaa.

Gazi, mwaka 1895

Huku kwetu, ukanda wa pwani wa maili 10, yaani takribani kilomita 16, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1887 Sultani Barghash alikabidhi usimamizi wake kwa kundi la wafanyabiashara wa Kiingereza, ambalo mwaka uliofuata liligeuka kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo iliposhindwa kuendesha shughuli zake, serikali ya Uingereza ilichukua usukani tarehe 1 Julai 1895. Katika baraza lililofanyika Mombasa, watu walihakikishiwa kwamba dini na mila zao zingeheshimiwa. Waliambiwa; hawakuulizwa. Tarehe 14 Desemba 1895 mkataba ulitiwa saini baina ya Sultani na Uingereza, na malipo ya kila mwaka yakawekwa. Utawala wa watu ulishughulikiwa kama shamba linalokodishwa.

Mwaka huo huo pwani iliwaka moto. Chanzo kilikuwa ugomvi wa urithi wa uliwali wa Takaungu baada ya kufariki kwa Salim bin Khamis, pale kampuni ilipomteua mtu iliyemtaka yenyewe. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewapinga masultani wa Zanzibar, akaungana na upande uliopinga uteuzi huo. Mnamo Agosti 1895 majeshi ya Uingereza yaliiteka ngome yake ya Mwele, katika vilima vya bara ya Gazi. Mbaruk aliendelea kupigana hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani. Alifariki uhamishoni mwaka 1910.

Je, hii ilikuwa haki ya umma kubadilisha serikali? Ukweli unatutaka tuwe waangalifu. Madai ya Mbaruk yalikuwa ya nasaba: Wamazrui walikuwa watawala wa Mombasa hadi Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837. Aidha, mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda huu hadi mwaka 1907. Kama ilivyokuwa Virginia, waliodai uhuru wao waliwanyima wengine uhuru huo huo. Hata hivyo, kulikuwamo katika vita hivyo hoja ambayo Locke angeitambua: kwamba mtawala hana idhini ya kumkabidhi mgeni amana ambayo si mali yake.

Mkataba wa mwaka 1963 na urithi wake

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, swali la ukanda huu lilizuka upya. Wapo waliotaka mwambao ujitawale, na wapo waliotaka uungane na Kenya. James Robertson alitumwa kuchunguza, akakusanya maoni, na mwishoni mwa mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Maoni yalisikilizwa, lakini kura ya maoni haikupigwa. Mnamo Oktoba 1963 makubaliano yakafikiwa baina ya Uingereza, Sultani na serikali za Kenya na Zanzibar, pamoja na ahadi za kulinda mahakama za kadhi na hatimiliki za ardhi.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalimwondoa Sultani, mmoja wa wahusika wa makubaliano hayo. Hapa fikra za Marekani zinatusaidia: serikali ikianguka, umma haufi. Lakini umma wa mwambao haukuwa umetia saini popote, na pengo hilo ndilo lililozaa mjadala wa baadaye. Baraza la Jamhuri ya Mombasa, lililokuwa na wafuasi pia katika Kwale, liliitegemeza kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" juu ya nyaraka za mwaka 1895 na 1963. Lilipigwa marufuku mwaka 2010, na mwaka 2012 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Dai lake lilikuwa la kujitenga, si la kubadilisha serikali tu. Ule mchanganyiko tuliouona Philadelphia ulijirudia hapa.

Maneno na mamlaka

Kiswahili kina hazina ya kutusaidia kuzipambanua dhana hizi. Neno raia linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kundi linalochungwa. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwenye nchi. Dola linatokana na mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana, kana kwamba lugha yenyewe inakumbusha kwamba mamlaka ni ya zamu. Uasi ni neno la mwenye nguvu anapomtaja mpinzani wake. Mapinduzi ni neno la aliyefaulu. Anayeandika historia ya Gazi akichagua neno "uasi" bila kufikiri, ameshatoa hukumu. Methali ya "mkono usioweza kuukata, ubusu" nayo ni falsafa ya raia. Mwananchi huuliza mkono huo ulipewa nguvu na nani.

Hitimisho

Mwaka 2005 Wakenya waliikataa rasimu ya katiba, na tarehe 4 Agosti 2010 wakaikubali nyingine, kama walivyofanya watu wa Massachusetts mwaka 1778 na 1780. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi; ibara ya tatu inaharamisha kuunda serikali kinyume cha Katiba. Kwa pamoja ibara hizi zinamaanisha kuwa haki ya kubadilisha serikali ipo, lakini mlango wake ni kura, kumrudisha nyumbani mbunge kabla ya muhula wake kwisha, kumwondoa gavana au rais kwa utaratibu wa sheria, na marekebisho ya Katiba yanayoanzishwa na saini milioni moja za wapigakura. Katika Kwale, Salim Mvurya alimaliza mihula miwili ya ugavana na mwaka 2022 akafuatiwa na Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wake. Mtawala alibadilika kwa amani. Iwapo utawala nao ulibadilika ni swali la wapigakura wenyewe.

Kwa mara ya kwanza, mkaazi wa Msambweni aliulizwa kuhusu mkataba unaomtawala. Hilo halifuti malalamiko ya ardhi wala kumbukumbu ya mwaka 1895, lakini linahamisha mjadala kutoka nyaraka za masultani hadi mikononi mwa walio hai. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba mjadala huo una maneno yanayoweza kuubeba.