Uso wa Lydia na foleni mbili za Skyrim

Lydia ni mpambe wa kwanza ambao wachezaji wengi wa gemu ya Skyrim hukabidhiwa, na pengine hakuna mhusika aliyefanyiwa ukarabati kumzidi. Yupo aliyemtengenezea sura mpya, yupo aliyembadilisha nywele, yupo aliyechora upya ngozi za wanawake wote wa nchi ile ya kubuni. Mchezaji akipakua marekebisho mawili matatu ya namna hiyo, akayaweka kwa pupa, akaingia mji wa Whiterun, humkuta Lydia mikono na shingo ni vya rangi yake, lakini uso umekuwa kijivu cha kutisha. Hapo kadi ya picha hulaumiwa bure, na wengine hufuta gemu nzima waanze kupakua upya, na bando likaisha.

Marekebisho hayo ndiyo modi: faili zinazotengenezwa na watu walio nje ya kampuni ili kuongeza au kubadili kilichomo ndani ya gemu. Skyrim ilitolewa na Bethesda Game Studios tarehe 11 Novemba 2011, na Februari 2012 kampuni hiyo ikawapa wachezaji Creation Kit, programu ya kujitengenezea. Watu hawakuishia kwenye mapanga na nyumba. Kundi la SureAI la Ujerumani lilijenga Enderal, ambayo ni gemu nyingine kabisa, yenye nchi yake na hadithi yake. The Forgotten City ilianza kama modi mwaka 2015, na kufikia 2021 ikawa inauzwa peke yake. Aprili 2015 palijaribiwa pia kuuza modi kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, mtengenezaji akibakiwa na asilimia 25 ya mauzo. Wachezaji walikuja juu, na mpango ukaondolewa kabla wiki haijaisha.

Turudi kwa Lydia, maana ukishaelewa ugonjwa wake umeelewa nusu ya magonjwa ya gemu hii.

Modi ya sura huja na vitu viwili. Kwanza kuna plagini, faili ndogo inayoieleza gemu kwamba Lydia ana pua hii, nywele hizi, macho haya. Pili kuna faili za umbo na rangi ya uso wenyewe, zilizokwisha kutengenezwa. Plagini zina foleni yake, na faili hizo nyingine zina yake, na katika foleni zote mbili aliye nyuma kabisa ndiye anayeshinda. Sasa modi ya kwanza ikishinda kwenye plagini, na ya pili ikashinda kwenye faili za uso, maelezo hayalingani na umbo. Umevaa kanga ya doti hii na kujitanda ya doti nyingine. Gemu haisemi kitu, inachora tu uso wa kijivu. Dawa yake ni kuchagua modi moja na kuhakikisha imeshinda kote kuwili.

Wanaotumia Mod Organizer 2 huziona foleni hizo kwa macho: upande wa kushoto mpangilio wa modi na faili zake, upande wa kulia mpangilio wa plagini. Programu hiyo haitupi kitu ndani ya folda ya gemu. Kila modi hukaa kwenye folda yake, na gemu hudanganywa kwamba vyote viko pamoja. Ndiyo maana naipenda kuliko kunakili faili kwa mkono, kazi ambayo baada ya wiki hakuna anayekumbuka nini kilifunika nini. Ipo pia programu ya LOOT inayopanga plagini yenyewe, na kwa anayeanza inafaa sana, ila foleni ya kushoto haiigusi, na haijui kama wewe unataka Lydia wa nani. Modi mbili zinapogombania kitu kimoja na zote unazihitaji, hutafutwa kiraka, yaani plagini ndogo ya kuzipatanisha.

Matatizo mengine hujitambulisha yenyewe. Kitu kikionekana cha zambarau, picha ya kukipaka haipo. Ukiona alama kubwa nyekundu ya mshangao ikielea hewani, umbo lenyewe ndilo halipo. Gemu ikijifunga hata kabla ya menyu, kwanza tazama kama kuna plagini inayotegemea nyingine ambayo hukuiweka.

Adui mkubwa kwa maoni yangu ni sasisho. Modi nyingi nzuri huegemea SKSE, programu inayoipa gemu uwezo ambao Bethesda hawakuutoa, nayo imefungamanishwa na toleo mahususi la gemu. Sasisho la Novemba 2021 na lile la Desemba 2023 yaliwaacha watu na gemu zilizogoma, ingawa jana yake zilikuwa zikienda vizuri. Steam inaruhusu kuchagua kwamba gemu isijisasishe mpaka utakapoifungua kupitia Steam. Chagua hivyo, kisha uwe unaifungulia kwenye SKSE.

Na kama chanzo hakionekani? Zima nusu ya modi, ujaribu. Tatizo likibaki, liko kwenye nusu iliyowashwa. Likitoweka, ama liko kwenye ile uliyozima, ama ni ugomvi kati ya modi za nusu hizi mbili. Uendelee kugawa hivyo hivyo, ukiangalia usizime inayotegemewa na nyingine. Jaribio hilo lifanyike kwenye mchezo mpya: ukiwa kwenye menyu fungua konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri, andika coc Riverwood, na utajikuta kijijini bila kupitia ule mwanzo mrefu wa mkokoteni. Usilifanyie kwenye mchezo uliouhifadhi na kuupenda, kwa sababu modi yenye skripti ikiondolewa katikati huacha masalia ndani ya faili ya hifadhi, na madhara yake yanaweza kuchelewa kujitokeza.

Siku hizi wapo wanaokwepa yote haya kwa kuchukua orodha zilizokwisha kupangwa, kwa mfano kupitia programu ya Wabbajack. Zinafanya kazi, na baadhi ni za kupendeza kweli. Lakini kubwa zake hupita GB 100, na likitokea tatizo huna unachokijua humo ndani. Tena asiyelipia uanachama wa Nexus Mods, ambako modi nyingi hutoka, hulazimika kubofya faili moja moja ili zishuke, na orodha moja inaweza kuwa na mamia.