Harufu Isiyokuwapo

Kusini ya pori la akiba la Liparamba, nchini Tanzania, ukivuka mpaka, iko Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imekwisha kusafishwa maeneo yake yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Na miongoni mwa waliotumika katika kazi hiyo ni panya buku wa shirika la APOPO, waliofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kutambua harufu ya baruti. Wenzao hunusishwa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Tabia yao ni dhahiri machoni petu: panya hunusa, husita, kisha huparapara ardhi na kutuzwa ndizi. Lakini baina ya pua na ukucha hutukia nini?

Swali hilo hutafitiwa aghalabu kwa panya wadogo wa maabara, wenye chembe za neva zipatazo milioni 70 ubongoni. Kwa hadubini ya leza iliyobuniwa mwaka 1990, na kwa protini ing'aayo kila chembe inapoamka, wataalamu huutazama ubongo ulio hai ukifanya kazi. Walakini kutazama hakuthibitishi sababu, kwani chembe iliyong'aa wakati wa harufu huenda imeamshwa na kutikisika kwa sharubu, au na tamaa ya kulamba maji.

Mlango wa kuthibitisha sababu ulifunguka mwaka 2005, watafiti Edward Boyden, Karl Deisseroth na wenzao walipoonyesha kwamba chembe ya neva iliyotiwa protini ya mwani mdogo wa maji baridi huamka ikimulikwa mwanga wa buluu. Kwa njia hiyo, mwaka 2020, kundi la Dmitry Rinberg wa Chuo Kikuu cha New York liliwafunza panya kutambua harufu isiyokuwapo kabisa, iliyoundwa kwa kumulika vituo sita vya ubongo wa kunusia, kimoja baada ya kingine. Watafiti walipobadilisha vituo vya mwanzo, panya walikosea zaidi kuliko vilipobadilishwa vya mwisho. Kwa rai yangu, hii ndiyo hoja kubwa kupita zote, maana yaonyesha kwamba harufu hutambulikana pia kwa utaratibu wa kutangulia na kufuata.

Panya hao walibadilishwa urithi wao na kuwekewa kijidirisha fuvuni, jambo ambalo si la kumfanyia mwanadamu kwa udadisi tu. Basi, msomaji, ukiambiwa kwamba picha fulani ya ubongo imefichua asili ya hofu, mapenzi au imani, uliza kwanza kama waliopiga picha hiyo walitazama tu, au waligusa pia.