Kutafuta Maandishi ya Kiswahili katika Hifadhidata za Maktaba

Mtafiti wa fasihi akaaye Loresho, jirani na Kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, halazimiki tena kushuka mjini kila atakapo kusoma jarida. Hifadhidata kama JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, hufikiwa kwa kupitia maktaba ya chuo. Tatizo lililosalia ni la sarufi.

Vyombo hivi viliundwa kwa kufuata Kiingereza, ambacho hubadili maneno mwishoni. Kinyota kikitiwa baada ya shina huleta umoja na wingi pamoja. Kiswahili hubadili mwanzo, na kinyota cha mwanzoni mara nyingi hukataliwa. Anayetafuta “shairi” huenda asipate “mashairi”. Wala “utenzi” hautaleta “tenzi”, sembuse “utendi” na “tendi” za lahaja za kaskazini. Hapana budi kila umbo liandikwe, na yote yaunganishwe kwa neno OR. Majina nayo yana taabu yake: Mwana Kupona huandikwa pia Mwanakupona.

Tena, orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayofuatwa na maktaba nyingi, huiita lugha hii “Swahili”. Hata jarida la Kiswahili liliwahi kuitwa Swahili. Asiyezingatia hayo ataambulia ukurasa mtupu, kisha, kwa nia njema kabisa, ataandika katika tasnifu kwamba suala lake halijapata kuchunguzwa, ilhali limekwisha kujadiliwa chini ya umbo jingine la neno lile lile.