Huna cha kuandika? Anza na ukuta ulioandikwa ‘Nyumba hii haiuzwi’

Umefungua simu, umeandika “Sehemu ya 1”, ukaweka na jina la hadithi. Baada ya hapo kimya. Dakika kumi baadaye uko Instagram unaangalia picha za harusi ya mtu usiyemjua.

Wengi wanaotaka kuandika hadithi, mashairi au skripti za filamu hukwama hapo, na huamini wamekosa kipaji. Mara nyingi siyo kipaji. Ni kwamba wanalitafuta wazo mbali sana. Ukiingia mtandaoni kuomba mawazo ya kuandika, utaletewa orodha ndefu: umenaswa kwenye theluji, umekuta barua ya siri juu ya dari la nyumba ya bibi. Sasa nyumba ya bibi Tandika haina hata dari. Ukilala unaangalia bati.

Wakati huohuo, mtaa wa pili kuna hadithi nzima imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, na unaipita kila siku.

Maneno matatu, familia nzima

“NYUMBA HII HAIUZWI.” Maandishi haya utayaona Temeke, utayaona Mwananyamala, utayaona karibu kila kona ya Dar. Mara nyingine yanafuatwa na “matapeli kaeni mbali” na namba ya simu. Sababu inajulikana: baba amefariki, watoto ni sita, mmoja wao amemtafuta dalali kimyakimya. Wenzake wakishtuka, kabla ya kufika baraza la ardhi au mahakamani, wanakimbilia ndoo ya rangi.

Kwa mpita njia hilo ni onyo. Kwako wewe ni mwanzo, ila uulize maswali.

Nani alishika brashi? Aliandika mchana watu wakimuona, au usiku? Rangi aliinunua, au ni ile iliyobaki wakati marehemu anapaka geti? Mpangaji wa chumba cha uani, mwezi ukiisha anamlipa nani kodi? Kuna mtu ameshachukua hela ya utangulizi na ameshaitumia?

Swali ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote ni hili: ndani ya familia hiyo, nani anataka nyumba iuzwe, na kwa nini anastahili kusikilizwa? Maana ukimfanya awe mlevi tu anayetaka hela ya bia, hadithi imeisha ukurasa wa pili. Lakini kama ni dada mkubwa, ndiye aliyemuuguza baba miaka minne, duka lake likafa kwa sababu hiyo, na sasa mtoto wake anahitaji matibabu, basi kila aliyesimama pale uani ana haki kidogo. Hapo msomaji hataweka simu chini.

Sentensi ya kwanza inaweza kuwa hivi: “Kaka alikuja na ndoo ya rangi saa kumi na moja alfajiri, kabla Mama hajaamka kuswali.” Hakuna theluji, hakuna barua ya siri. Umeshapata watu wawili, saa, na jambo ambalo mmoja anamficha mwenzake.

Ukimaliza ukuta huo, kuna ule wenye alama ya X nyekundu kwa sababu ya upanuzi wa barabara. Kuna fremu ya duka ambalo limebadilisha jina mara tatu kwa mwaka. Kuna khanga: shangazi hakuchagua jina lile kwa bahati mbaya, na siku aliyoivaa kwenda kwenye kikao cha ukoo haikuwa bahati mbaya pia. Alikuwa anamwambia nani?

Majina ya vituo nayo yanasema

Wakazi wa Dar tuna hazina ambayo tunaitumia kumwambia konda atushushe tu. Kwa Aziz Ally. Tandale kwa Mtogole. Mwananyamala kwa Kopa. Sinza kwa Remmy.

Huyo wa mwisho ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978, akapata umaarufu mkubwa na Super Matimila na kufariki Desemba 2010. Jina lake limebaki kituoni. Sasa mtoe Remmy, weka mtu wa kubuni: mzee anaishi kwenye kituo chenye jina lake, makonda wanamwita mara mia kwa siku, halafu siku moja yuko ndani ya gari hilohilo na nauli imepungua. Anasema yeye ni nani, au anashuka?

Au chukua Biafra, pale Kinondoni. Biafra ilikuwa sehemu ya Nigeria iliyojitenga mwaka 1967, vita ikapiganwa mpaka 1970. Tanzania iliitambua kama nchi Aprili 1968. Nchi yenyewe ikafutika kwenye ramani, lakini jina liko hai kwenye viwanja vya Kinondoni, watoto wanachezea mpira juu yake. Mtafute mzee wa Kinondoni aliyekuwa kijana miaka hiyo, mnunulie kahawa kijiweni, muulize walikuwa wanasikia nini redioni. Kikombe kimoja cha kahawa na kashata, bei yake hata bando la siku haifiki.

Walianza na habari za mtaani

Mbinu hii siyo mpya. Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa Kiswahili. Moja ya nyimbo zake zinazokumbukwa ni “Kijiti”, na haikutoka hewani. Ilitoka kwenye kesi ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar aliuawa Zanzibar, mtuhumiwa akatoroka, na waliojikuta jela ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mji mzima ulikuwa unalizungumza jambo hilo. Siti aliligeuza kuwa wimbo, na karibu miaka mia baadaye bado tunamjua Kijiti ni nani.

Adam Shafi alifanya hivyo kwa bandari. Riwaya yake “Kuli” inahusu wapagazi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Na huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Juma Nature na TMK Wanaume walichukua herufi tatu za Temeke wakazifanya zijulikane nchi nzima, kwa stori za vijana wa Temeke na lugha ya Temeke. Diamond Platnumz alipotoa albamu mwaka 2018 aliiita “A Boy from Tandale”. Wote hawa hawakusubiri wazo lenye hadhi. Walianza na walichokuwa nacho mlangoni.

Daladala: sikiliza nusu, nusu andika mwenyewe

Hapa ndipo penye utajiri kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa maoni yangu. Ndani ya gari la Mbagala saa moja asubuhi kuna muuza samaki, mwanafunzi, askari, mama anayempeleka mtoto kliniki na kijana mwenye bahasha ya vyeti, wote wamebanana kiasi kwamba siri haina pa kujificha.

Zoezi moja rahisi: mtu akipokea simu karibu yako, wewe unasikia upande mmoja tu. “Mwambie mimi sijafa, nipo.” Kimya. “Hapana, usimpe namba.” Kimya. Anakata, anaangalia dirishani. Usijaribu kujua ukweli wake, siyo kazi yako. Ukifika nyumbani, andika upande ambao hukuusikia. Ukiandika mara tano, kila mara mpigaji akiwa mtu mwingine (mke wa zamani, mdai, mtoto aliyeachwa Kigoma), utashangaa sentensi zilezile mbili zinavyobeba hadithi tano tofauti kabisa.

Msikilize na konda. Anavyomwita dereva “suka”, anavyobembeleza abiria wasogee nyuma mahali ambapo hata sindano haiingii, anavyobadilisha sauti akimwona trafiki. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo waandishi wengi wanaokosea huyaandika kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

Na fanya haraka kidogo. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na mjini, daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo, na wito wa makonda ukaenda nazo. Barabara ya Kilwa nayo imejengewa njia za mwendokasi mpaka Mbagala. Ni usafiri mzuri, silalamiki, lakini kwenye basi lile hakuna anayening’inia mlangoni kuita “Rangi Tatu, Rangi Tatu”. Mtoto anayezaliwa leo Mbagala atasoma sauti hiyo kwenye kitabu, kama kuna mtu atakuwa ameiandika.

Hata meseji ya tapeli ni wazo

“Ile hela tuma kwenye namba hii.” Umeshaipata, nimeshaipata, tunaifuta. Kabla hujafuta safari ijayo, jiulize: vipi ikimfikia mtu ambaye kweli kuna “ile hela” anadaiwa? Anatuma. Siku ya pili mdai halisi anapiga simu. Na huyu aliyeandika meseji, amekaa wapi, amekula nini leo, mama yake anadhani anafanya kazi gani? Una filamu fupi hapo, ya wahusika watatu na simu mbili.

Wazo likija, linase

Wazo halina subira. Jitumie meseji mwenyewe WhatsApp, au jirekodi sauti ya sekunde ishirini. Andika maneno yenyewe uliyoyasikia na kitendo ulichokiona, siyo maelezo yako. “Mama alikasirika” haitakusaidia baada ya wiki mbili. “Alirudisha chenji mezani bila kuihesabu” itakurudisha palepale. Mwisho wa wiki, chagua moja tu na uiandikie nusu saa.

Tahadhari ya kijijini kwetu: kama umekaa dirishani kwenye foleni, andika kichwani kwanza. Simu itoe ukishashuka.

Usimwanike jirani

Kuna jambo ambalo orodha za mtandaoni hazikuambii, kwa sababu waliozitunga hawajaishi nyumba ya vyumba nane yenye uwanja mmoja na bomba moja. Uswahilini tunasikiana. Unajua nani hajalipa kodi, nani anapigwa, nani anameza dawa kwa kificho. Ukiandika kwamba “mama wa chumba cha tatu, mwenye kijana wa bodaboda” ana ugonjwa fulani, halafu ukairusha kwenye grupu, kubadilisha jina hakujamficha. Mtaa mzima umeshamjua kabla ya aya ya pili, na yeye ndiye atakayehama.

Badilisha zaidi ya jina. Mwanamke awe mwanaume, Temeke iwe Morogoro, ugonjwa uwe deni, mwisho uwe mwingine. Bakiza kile tu kilichokugusa. Kisha jiulize: akiisoma, kesho asubuhi ataweza kusimama na mimi bombani? Kama jibu ni hapana, rudia. Mbali na utu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kusema “ilikuwa hadithi tu” huenda kusikutoshe.

Ukishapata kazi iliyokamilika, milango ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ilianzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Na kwa walio Kinondoni, Soma Book Café ya Regent Estate, Mikocheni, ni mahali pa kukutana na wasomaji na waandishi wenzako. Ila kabla hujamaliza kurusha sehemu zote kwenye magrupu ya WhatsApp, soma kwanza masharti ya tuzo ya mwaka huo kuhusu kazi ambazo zimeshatoka mtandaoni.